Wapangaji wanne, mita moja: bei ya nafuu ya stima inamfikia nani?

1. Mpangaji wa Langoni, Lamu

Assalaam alaykum, na wasiosalimiana hivyo nawasalimu kwa heshima zote.

Nimeufungua uzi huu kwa sababu ya karatasi moja ambayo mwenye nyumba wetu ameibandika kwenye daka, yaani baraza ya mlangoni, juu ya mita, inayosema kwamba kuanzia mwezi huu kila yuniti ya stima tutailipia shilingi 40. Nyumba yenyewe ni ya mawe, ya ghorofa mbili, hapa Langoni. Wapangaji tuko wanne, mita ya kampuni ya stima ni moja, na kila mpangaji amewekewa ukutani sabmita yake, yaani mita ndogo ya ndani. Mwezi unapoisha mwenye nyumba hupita na daftari, akasoma tarakimu kwa kurunzi ya simu, akatuandikia kila mtu kiasi chake kwenye kipande cha karatasi.

Mwezi uliopita alisoma hivi: chumba cha chini yuniti 26, sisi 28, jirani wa mkabala 24, na familia ya juu 29, jumla yuniti 107. Mita kubwa ilikuwa imekula yuniti 118. Hizo 11 zilizobaki, kwa maelezo yake, ni za pampu ya maji na taa ya ngazini. Nilimwomba anionyeshe risiti za tokeni, yaani stima ya kulipia kabla, naye bila kinyongo akanionyesha kwenye simu yake: kwa kila shilingi 1,000 alikuwa akipata yuniti 31 na nusu, yaani kila yuniti ilimgharimu shilingi 31 na senti 75 hivi.

Mwanzoni niliona kesi ni rahisi: ananunua kwa 31 na ushei, anauza kwa 40, basi ananinyonya. Nilipokaa na kalamu nikakuta kwamba faida yake ni sehemu ndogo ya maumivu yangu, na sehemu kubwa haiendi mfukoni mwake kamwe. Hilo ndilo ninalotaka tulijadili.

Tarehe 1 Aprili 2023 bei za stima nchini Kenya zilipangwa upya. Kabla ya hapo, tangu mwishoni mwa 2018, mtumiaji wa nyumbani ambaye hakuvuka yuniti 100 kwa mwezi alihesabiwa kuwa mtu wa kipato kidogo anayestahili bei ya nafuu. Mpaka huo ulishushwa hadi yuniti 30, na madaraja yakawa matatu. Bei ya msingi ilipotangazwa ilikuwa shilingi 12.22 kwa yuniti kwa asiyezidi yuniti 30, shilingi 16.30 kwa aliye kati ya 31 na 100, na shilingi 20.97 kwa aliyezidi 100. Viwango hivyo vimesogezwa kidogo tangu hapo, lakini ngazi zenyewe zimebaki zilivyo. Na anayepanda ngazi hatozwi bei ya juu kwa zile yuniti za ziada pekee. Bei hiyo inashika yuniti zake zote, tangu ya kwanza.

Sasa itazameni nyumba yetu. Hakuna hata familia moja kati ya nne iliyofika yuniti 30. Kila mmoja wetu, laiti angekuwa na mita yake, angekuwa katika daraja la nafuu. Lakini mita haijui kwamba nyuma yake kuna vyungu vinne. Inachokiona ni yuniti 118, na hivyo sote wanne, pamoja na mama wa chini ambaye hana hata friji, tunatozwa bei ile ile anayotozwa mwenye jumba lenye viyoyozi na bwawa la kuogelea.

Tofauti ya bei ya msingi kati ya daraja la chini na la juu ni shilingi 8.75. Kwa yuniti zangu 28 hizo ni shilingi 245. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na tozo ya umeme wa vijijini ya asilimia 5 ya bei ya msingi, jumla inakaribia shilingi 300 kila mwezi. Nikiichambua tofauti kati ya shilingi 1,120 ninazolipa sasa na zile takriban 590 ambazo ningelipa kwa mita yangu mwenyewe, napata kwamba shilingi 140 ni nyongeza ya mwenye nyumba, kama 90 ni fungu langu la pampu na taa ya ngazini, na hizo karibu 300 ni za daraja. Kwa maneno mengine, hata mwenye nyumba wangu angekuwa walii, bado ningelipia umaskini wangu kwa bei ya kitajiri.

Atakuwapo atakayesema kwamba yuniti 30 zinamtosha mtu wa kipato kidogo. Labda Limuru kwenye baridi zinatosha. Friji ndogo katika joto la Lamu hula karibu yuniti moja kwa siku, kwa hiyo peke yake inamaliza mwezi. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi kila usiku inakula yuniti 18. Sisi tumefika 28 kwa sababu friji tunaizima alfajiri na kuiwasha adhuhuri, jambo ambalo mafundi watanigombeza.

Naomba michango, hasa ya wanaoijua kazi hii.

2. Fundi wa Mkomani

Wa alaykum salaam, Bwana Mpangaji. Hesabu yako nimeipitia na sioni pa kuikosoa, ila kuna mambo mawili ya kuongeza.

La kwanza ni kwamba daraja halipimwi kwa mwezi mmoja. Huangaliwa wastani wa miezi mitatu. Ndiyo maana watu wengi hulalamika kwamba baada ya Ramadhani tokeni "zimekonda". Mwezi wa mfungo familia hukesha, friji hufunguliwa na kufungwa kwa ajili ya sharubati, taa huwaka mpaka daku, kisha wastani hupanda na kuwafuata mpaka baada ya Idi wakati matumizi yamesharudi chini. Aliyekuwa na yuniti 27 kwa kawaida anaweza kujikuta daraja la pili kwa sababu ya mwezi mmoja wa ibada.

La pili ni ile imani kwamba ukinunua tokeni mwanzo wa mwezi unapata nyingi zaidi. Kinachobadilika ni zile tozo zinazoandamana na bei ya msingi: gharama ya mafuta yanayochomwa na mitambo ya dizeli, na badiliko la thamani ya shilingi dhidi ya fedha za kigeni. Hizo hutangazwa upya kila mwezi katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mabwawa yakikauka, mitambo ya mafuta huwashwa zaidi, na tozo hupanda. Kwa hiyo ukinunua leo na ukanunua tena wiki tatu baadaye kwa fedha ile ile, yuniti zinaweza kutofautiana bila mtu yeyote kukuibia. Soma risiti yako mstari kwa mstari, maana kila tozo imeandikwa.

Na kuhusu kuzima friji alfajiri, kweli nitakugombeza, lakini si leo.

3. Mama wa Barani, Malindi

Kaka yangu wa Langoni, umeniandikia maisha yangu. Sisi huku tuko familia sita kwenye ploti moja, na bei ya ploti yetu sitaki hata kuitaja hadharani.

Langu ni la kukatika kwa stima. Mnamo usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani, na tarehe 10 Desemba mwaka huo huo ikaingia tena. Hayo kila mtu anayakumbuka kwa sababu hata Nairobi ilikuwa giza, magazeti yakaandika. Haya yetu ya kila wiki hayaandikwi. Stima inapotea saa moja jioni, inarudi saa tatu kwa kishindo, taa zinang'aa kama mchana kwa sekunde mbili, kisha unasikia friji ikinguruma na kunyamaza. Mimi nauza juisi ya ukwaju na aiskrimu za pakiti kwa watoto wa shule. Friji ilipokufa nilikuwa na mtaji wa wiki nzima ndani yake. Nilikwenda ofisini kueleza, nikaulizwa nambari ya mita. Nikaitoa. Nikaambiwa jina lililoko pale si langu, arudi mwenye mita. Mwenye mita anaishi Mombasa, na friji si yake.

Tena niseme jambo linalonikereketa. Hapa hapa Langobaya, safari fupi kutoka mjini, kuna uwanja wa paneli za sola wenye uwezo wa megawati 52 ambao umekuwa ukizalisha tangu Desemba 2021. Tunapita tukiuona unametameta. Mbona wanaolala karibu na kisima ndio wanaokufa kiu?

4. Mpangaji wa Langoni

Pole sana, dada yangu. Hilo la Langobaya nalijibu kwa ufupi kisha nirudi kwenye friji yako, kwani ndipo penye uzito.

Stima ya Langobaya haitoki kwenye paneli ikaja kwako. Inauzwa kwa jumla katika gridi ya taifa na kuchanganyika na ya mvuke wa Olkaria na ya kwingineko. Halafu paneli zinalala jua linapotua, nanyi mnawasha kila kitu saa moja jioni. Hali kadhalika sisi Lamu: zamani tulikuwa na majenereta ya dizeli ya mji, yakinguruma na kukohoa, mpaka tulipoungwa kwenye gridi kwa ule mkondo mrefu unaotoka Rabai, ukapita Malindi na Garsen, ndipo ukafika kwetu. Tulishukuru na bado tunashukuru. Lakini aliye mwisho wa kamba ndiye anayetikiswa kila inapoguswa; nguzo ikianguka huko Tana, sisi tunawasha mishumaa.

Sasa friji. Sheria ya Nishati ya 2019 inatambua kwamba anayesambaza umeme anawajibika kumfidia mtumiaji aliyepata hasara ya vifaa au ya fedha, au aliyeumia, kwa sababu ya umeme mbovu au usiotabirika. Na juu yake iko Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, inayompa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo, na haki ya kulipwa kwa hasara iliyotokana na kasoro zake. Katiba inasema "mtumiaji". Haisemi "mwenye jina kwenye mita". Hapo ndipo ningesimama mimi kama ningekuwa wewe.

Njia ni kuandika barua kwanza kwa msambazaji mwenyewe, ukitaja tarehe, saa stima ilipopotea na iliporudi, na kifaa kilichoungua. Ambatisha risiti ya kukinunua na maandishi ya fundi yanayoeleza kilichokiua, kisha usiondoke bila nambari ya malalamiko. Wakikunyamazia au jibu lisipokuridhisha, unapanda hadi EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati na petroli, na juu ya EPRA kuna baraza maalumu la kusikiliza mizozo ya nishati. Kwa kuwa mita si yako, mwombe mwenye nyumba akuandikie mistari miwili kwamba wewe ni mpangaji wake na kwamba stima unayoilipia inapita katika mita hiyo. Hatapoteza chochote kwa kuandika.

Ninakiri kwamba mtu anayeuza ukwaju hana siku nne za kwenda na kurudi ofisini. Haki inayohitaji siku nne za kazi imekwisha kupunguzwa thamani kabla hujaidai.

5. Mwenye Nyumba, Mkunguni

Nimewasoma wote kwa subira, mimi mwenye nyumba hiyo ya Langoni, na sasa naomba na mimi nisikilizwe, maana humu wenye nyumba tunasemwa kama papa.

Sabmita nilizinunua mimi. Nyaya nilizivuta mimi, katika kuta za mawe ya matumbawe zenye unene wa dhiraa, na kila tundu lilikuwa siku nzima ya fundi. Mpangaji akihama usiku na deni la stima, tokeni nilishazinunua. Ilipofika Novemba 2024 na mita zote za tokeni zikawa zinahitaji kusasishwa, mimi ndiye niliyekaa kibarazani nikibofya zile nambari za tarakimu ishirini mara tatu, mbili za kusasisha na moja ya yuniti, wajukuu wakinicheka. Mnasema nyongeza ya shilingi tano au nane ni unyonyaji. Haya, njooni mchukue kazi.

Mita tofauti nazitaka hata mimi, wallahi. Gharama ya kuunganishwa ilishushwa mwaka 2015 kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na hilo lilisaidia wengi. Lakini hata kwa bei ile ya 2015, kwa wapangaji wanne hizo ni shilingi 60,000, kabla hujafanya upya nyaya ili kila chumba kiwe na njia yake, na kabla ya fundi mwenye leseni kuweka sahihi. Kisha mji wetu ni Urithi wa Dunia tangu 2001. Huwezi kujipachikia masanduku manne kwenye uso wa nyumba utakavyo.

6. Mpangaji wa Langoni

Mzee wangu, shikamoo. Umesema kweli katika mengi na nimekubali, hasa hilo la nyaya na kuta.

Ila tofautisha mambo mawili. Kurudisha gharama yako ni haki. Hesabu yangu inaonyesha kwamba ukichukua yuniti zote 118 kwa bei uliyonunulia, ukazigawa kwa zile 107 tulizotumia, pampu na ngazi ndani yake, unapata shilingi 35 kwa yuniti. Hiyo ni bei ambayo mimi ningeilipa bila neno. Kutoka 35 hadi 40 si gharama tena bali ni biashara ya kuuza umeme, na sheria inataka anayefanya biashara hiyo awe na leseni. Kama unataka kulipwa kwa sabmita na kwa usumbufu, iweke katika kodi ya nyumba, tuione, tukubaliane.

Ninachokiomba kwa EPRA, na hapa nadhani wewe na mimi tuko jahazi moja, ni kwamba mwenye mita aruhusiwe kutangaza idadi ya familia zilizoko nyuma yake, zikathibitishwa, na mipaka ya madaraja ikazidishwa kwa idadi hiyo. Nyumba ya familia nne ihesabiwe nafuu mpaka yuniti 120. Najua watakaojibu kwamba watu watadanganya. Watadanganya baadhi, kama wanavyodanganya sasa kwa kuchovya waya moja kwa moja. Lakini utaratibu wa leo unawakosea kwa hakika wale ambao hawajadanganya.

7. Mvuvi, Kizingitini

Nyinyi mna mita ya kugombania. Wengi huku tunatumia sola ya kulipia kidogo kidogo kwa simu. Niliposhindwa kulipa kwa siku sita wakati wa kusi, bahari ilipokuwa imechafuka na hakuna aliyekwenda, taa zilijifunga zenyewe, ingawa jua lilikuwa likiwaka juu ya paa langu kutwa. Nimeshalipa zaidi ya nusu. Nikiuliza bei kamili ya kifaa naambiwa bei ya siku tu. Kaunti yetu ni mojawapo ya zile kumi na nne zilizoingizwa katika mpango wa serikali na Benki ya Dunia wa sola kwa maeneo yasiyofikiwa na gridi, na ningependa ulinzi wa mtumiaji uje pamoja na paneli, usije baada yake.

8. Fundi wa Mkomani

Mvuvi, lako linastahili uzi wake, ufungue tutakuja.

Dada wa Barani, kile king'aro cha sekunde mbili kabla friji haijafa kinaniambia jambo. Stima ya nyumbani ni volti 240, ikihesabiwa kati ya waya wa fezi, unaoleta stima, na ule wa neutro, unaoirudisha. Waya wa neutro ukilegea mahali, na huku pwani chumvi hula viungio vya alumini mpaka vikawa unga mweupe, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti huanza kusukumana. Moja hupata stima hafifu na nyingine hupata inayokaribia volti 400. Kama taa zako hung'aa wakati za jirani zinafifia, usiwashe kitu, zima swichi kuu, na upige ripoti ya dharura. Liandike hilo katika barua yako, kwa sababu linaonyesha kosa liko nje ya nyumba. Na friji mpya usiichomeke bila kile kifaa cha kuilinda, ambacho huisubirisha dakika kadhaa mpaka stima itulie. Bei yake ni ndogo kuliko kujaza gesi mara moja.

Bwana Mpangaji, zile yuniti 11 za pampu na ngazi mimi sizikubali mpaka nizipime. Fanyeni hivi: wapangaji wote wazime swichi zao kuu, pampu izimwe, kisha mtazame ile taa nyekundu ya mita kubwa. Tazama ubao wa mita. Ikiwa imeandikwa 1000 kwa kilowati-saa, ambayo ndiyo yuniti moja, kila mmuliko ni sehemu moja ya elfu ya yuniti. Isipomulika kabisa, nyumba ni safi. Ikimulika, shika saa.

9. Mpangaji wa Langoni

Tumefanya leo baada ya Alasiri, mwenye nyumba mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti cha daka na saa yake mkononi. Mita yetu imeandikwa 1000. Tulizima kila kitu. Taa ilikaa kimya, tukaanza kupongezana, kisha ikamulika. Tukasubiri. Dakika sita, ikamulika tena. Dakika sita, tena.

Mmuliko mmoja kwa dakika sita ni wati 10, na wati 10 usiku na mchana ni yuniti 7 kwa mwezi. Kumbe pampu tuliyoilaumu inakula nne tu. Tulipanda juu na kushuka mpaka tukaipata: ni ile balbu ya ngazini. Inawaka kutwa kucha kwa sababu swichi yake ilizibwa kwa chokaa nyumba ilipopakwa, na hakuna anayekumbuka ilikuwa ukuta gani. Mwenye nyumba amebandua ile karatasi ya shilingi 40 na kuandika 35 kwa kalamu nyekundu, na Fundi anakuja kesho kuitafuta swichi.